Jioni za historia ya kijiji: Mkwawa apewe jioni moja, zilizobaki tuzungumze yale ambayo ni sisi tu tunayajua

Ndugu wanajamvi, salaam.

Naleta uzi huu kwa ajili ya walioko vijijini, hasa huku Nyanda za Juu Kusini, ambao wamekuwa wakiuliza namna ya kuanzisha kikundi cha historia ya kijiji na kukiendesha bila kutegemea mfadhili. Kijiji chetu kiko Iringa Vijijini, upande wa Kalenga. Kikundi chetu kimemaliza msimu wa mazungumzo ya jioni ulioanza Juni, mahindi yalipokuwa yameshaingia ghalani, ukaisha Septemba kabla watu hawajaanza kuandaa mashamba. Sitaeleza kila jioni, kwa sababu zipo zilizokuwa za kawaida tu. Nitasimamia jambo moja ninaloliamini kwa dhati: kikundi cha kijiji kikitumia msimu mzima kumsimulia Mtwa Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kitakuwa kinarudia yale yaliyokwisha kuhifadhiwa na wengine, huku kikiyaacha yapotee mambo ambayo hayamo katika makumbusho yoyote wala katika jalada lolote la serikali.

Sisemi hivi kwa kumpunguza Mkwawa. Kila mtoto wa huku anajua kwamba tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Wahehe lilikivizia kikosi cha ofisa wa Kijerumani Emil von Zelewski, yule aliyeitwa Nyundo, likakisambaratisha na kumwua Zelewski mwenyewe. Kwamba tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga iliangukia mikononi mwa von Schele. Na kwamba tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Habari ya fuvu lake nayo inajulikana: lilipelekwa Ujerumani, likatajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na halikurudi mpaka mwaka 1954, Gavana Edward Twining alipolipata Bremen na kulikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Lugalo pana mnara, Mlambalasi pana kaburi, Kalenga pana makumbusho yenye fuvu hilo, na Iringa mjini pana makumbusho mengine katika jengo la Boma. Mtu akitaka kuyajua haya, njia anazo.

Kwa hiyo Mkwawa tulimpa jioni moja, tukaiweka karibu na tarehe 19 Julai, na tukakubaliana kwamba isizungumzie Lugalo, bali ile miaka ya kati, tangu Kalenga ilipoanguka hadi alipokufa. Katika miaka hiyo Wajerumani walijenga kituo chao Iringa mwaka 1896 chini ya Tom von Prince, wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayewapatia Mkwawa, wakachoma nyumba na kuchukua chakula na mifugo katika sehemu walizodhani zinamsaidia. Walimsimika Mpangile, ndugu yake, na mwanzoni mwa mwaka 1897 wakamnyonga wakimtuhumu kuwasaidia waasi. Mtu hawezi kuwakwepa askari kwa karibu miaka minne bila kulishwa. Ni nani aliyekuwa akimpelekea unga, na ni nani aliyekuwa akipitisha habari kutoka bonde moja hadi jingine? Tulipouliza hivyo, koo za kijijini kwetu zilianza kusema. Mzee wa ukoo mmoja alieleza jinsi bibi wa babu yake alivyobeba ulezi usiku kuelekea porini. Mzee wa ukoo mwingine alisema wazi kwamba babu yake mkubwa alibeba mizigo ya Wajerumani, na kwamba nyumbani kwao jambo hilo lilisimuliwa kwa sauti ya chini. Wote wawili walikaa benchi moja, na maelezo yao yote mawili yameandikwa katika daftari letu kwa uzito uleule. Mimi naona huo ndio ujasiri unaohitajika katika kazi hii, na nawashukuru wazee wetu kwa kuuonyesha mbele ya wajukuu wao.

Hata hivyo jioni iliyotufaa kuliko zote ilikuwa ya mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa. Azimio la Arusha lilikuja Februari 1967, siasa ya ujamaa vijijini ikafuata mwaka huohuo, na Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kwamba utekelezaji uwe umekamilika ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Kijiji chetu cha leo, chenye nyumba zilizopangwa kwa mistari kando ya barabara, kimetokana na operesheni hiyo. Kabla yake kaya zilikuwa zimetawanyika kwenye miteremko na kando ya vijito, kila moja karibu na vinyungu vyake, yaani bustani za bondeni. Siasa ile imeandikwa sana na wasomi, lakini hakuna mahali palipoandikwa ni nani aliyeishi kwenye mteremko upi.

Mzee mmoja, ambaye alihamishwa akiwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga, alikuja na gunia la magunzi na kuyamwaga kwenye sakafu ya darasa. Alichora kijito kwa chaki, kisha akaweka gunzi moja kwa kila kaya, akiitaja kwa jina la mwenye mji, kuanzia kwenye chemchemi kuteremka hadi kivukoni. Alipofika mahali kijito kinapopinda, bibi mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akiwa amejifunika blanketi aliinuka, akayachukua magunzi mawili na kuyahamishia upande wa pili wa chaki. Alisema nyumba zile zilikuwa ng'ambo, kwa sababu yeye alipokuwa mwali aliyeolewa karibuni alilazimika kuvuka maji alipotumwa huko kuomba moto, na maji ya Machi yalimfika magotini. Mzee alitafakari, akauliza majina ya wake wa nyumba hizo, akajibiwa, akakubali. Baada ya hapo hakuna aliyebaki kwenye dawati. Watu walichuchumaa kuzunguka kijito cha chaki, wakaongeza njia ya kwenda misheni ya Tosamaganga, wakaongeza mahali pa kinu cha maji ambacho wengi wetu hatukuwa tumewahi kukisikia, na vijana wakapiga picha sakafu nzima kwa simu kabla magunzi hayajaokotwa. Mwalimu wa hisabati ameihamishia ramani hiyo kwenye karatasi ya manila, na sasa imebandikwa ukutani.

Baadaye tulikwenda wenyewe kwenye mteremko ule. Nyumba za tembe zimerudi kuwa udongo na zimebakiza vilima vidogo vyenye majani, lakini mianzi inayogemwa ulanzi, yaani pombe yetu ya mianzi, ipo palepale ilipopandwa, na kila shina lina mwenyewe mpaka leo. Wenye mahame hurudi kila masika kugema, na watoto wao huonyeshwa shina lipi ni la kwao na lipi ni la jirani. Kwa hiyo ramani ya magunzi tuliihakiki kwa mianzi, na kwa sehemu kubwa vilikubaliana. Nawaomba wenzetu wa Mufindi, Kilolo na Njombe walifikirie jambo hili: mnayo kumbukumbu ya makazi ya zamani iliyosimama shambani, na wanaojua kuisoma wanazeeka.

Kuhusu miaka, msimwulize mzee jambo fulani lilitokea mwaka gani, kwa sababu atawapa mwaka ili kuwaridhisha. Mwulizeni lilitokea kabla au baada ya jambo gani. Kwetu mambo yanayoshikika ni kurudishwa kwa utawala wa ukoo wa Mkwawa chini ya Waingereza mwaka 1926, Vita Kuu ya Pili, Uhuru mwaka 1961, njaa ya 1974 na unga wa mahindi ya njano ambao watu waliuita wa Yanga, kuzaliwa kwa CCM Februari 1977, na Vita vya Kagera. Kisha tafuteni karatasi. Cheti cha ubatizo cha mtoto wa kwanza, kadi ya TANU, stakabadhi ya kodi na kadi ya kliniki vimo ndani ya masanduku ya nyumba zetu, na kila kimojawapo kina tarehe. Bibi aliyesema alihama akiwa na mimba ya mtoto wake wa tatu alituletea cheti cha ubatizo cha mtoto huyo, na tukaupata mwaka wa kuhama kwa ukoo wake bila kubishana.

Hapo ndipo ninapotaka kuwasihi kuhusu kina mama. Tuliweka mazungumzo saa kumi na moja jioni na si usiku, ili mwanamke aweze kusikiliza, kusema na kurudi kupika kabla giza halijaingia, na baridi ya Julai ya huku mnaijua. Wanaume wengi waliozungumza walijua mipaka, machifu na majumbe. Wanawake walijua nani alitoka wapi kuolewa, nani alimlea yatima wa nani, mwaka gani mashine ya kusaga ilikuja na wasichana wakapumzika na jiwe la kusagia. Bila wao kijiji kingeonekana kama kiliundwa na watu waliokuwa wakipigana na kulipa kodi tu.

Jioni moja tulimwalika mgeni kutoka Isimani azungumzie kilimo cha mahindi cha miaka ya 1950 na 1960, wakati watu walipofungua mashamba makubwa, wakakodi matrekta, na baadhi yao wakatajirika. Huwezi kuizungumzia Isimani bila kufika tarehe 25 Desemba 1971, siku ambayo Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima Said Mwamwindi, ambaye baadaye alihukumiwa kifo na kunyongwa. Familia za pande zote zina ndugu na marafiki miongoni mwetu. Tulikubaliana kabla ya kuanza kwamba tutaeleza ardhi ilivyomilikiwa, vibarua walivyolipwa na amri zilivyopokelewa, na kwamba hakuna atakayesimama kuhukumu marehemu yeyote. Ilikuwa jioni ngumu na yenye heshima.

La mwisho ni mawe. Isimila, penye zana za mawe za kale, iko jirani, na tangu zana zake zilipojulikana kwa watafiti mwaka 1951 na kuchimbwa na Clark Howell miaka ya 1957 na 1958, vijana wa huku wanajua kwamba jiwe lililochongwa pande mbili ni kitu cha thamani. Matokeo yake ni kwamba kila tukiitisha mazungumzo wanatuletea mawe. Tumewaeleza kwamba jiwe likiondolewa mahali pake linapoteza nusu ya habari zake, na kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kujichimbia bila kibali. Wapige picha, waweke alama ya mahali, waliache.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji kutoka Iringa mjini:
Mtoa mada, nakupongeza, lakini hapo kwa Mkwawa sikubaliani nawe. Mimi ni kijana, na nakuhakikishia kwamba kijana wa kidato cha nne hatatoka kwenye mpira kwenda kusikiliza habari za mashine ya kusaga. Anakuja kwa sababu ya Lugalo. Ukimnyima Lugalo, utabaki na wazee watupu, na daftari lako halitakuwa na wa kulirithi. Isitoshe, Lugalo yenyewe haijaisha kusimuliwa, kwa sababu tunajua majina ya maofisa wa Kijerumani waliokufa pale kuliko tunavyojua majina ya Wahehe waliokufa.

Mtoa mada:
Mdogo wangu, sentensi yako ya mwisho ndiyo hoja yangu mwenyewe, na umeisema vizuri kuliko mimi. Ikiwa ukoo wenu una jina la mtu aliyekufa Lugalo, hilo ni jambo ambalo ninyi tu mnalijua, na linastahili jioni nzima. Ninachokikataa ni kusimama mbele ya watu na kuisoma upya habari ambayo mtoto ameshaisoma shuleni. Kuhusu vijana, wa kwetu walikuja mwanzoni kwa ajili ya Mkwawa kama unavyosema, lakini siku ya magunzi walikaa hadi mwisho, kwa sababu majina yaliyokuwa yakitajwa sakafuni yalikuwa ya babu zao.

Mchangiaji kutoka Njombe:
Kamwene ndugu zangu. Mimi ni Mbena na umri wangu umesogea. Huku kwetu vita tunayosimuliwa ni ya Majimaji, na mwaka 1905 watu wetu waliishambulia misheni ya Yakobi. Wahehe kwa sehemu kubwa hawakujiunga, na wapo waliokuja wakiwa upande wa Wajerumani. Ninyi mkisimulia historia yenu mnaishia Mlambalasi mwaka 1898, mkiruka moja kwa moja hadi kurudi kwa fuvu. Ile miaka ya kati mnaipita haraka. Je, katika msimu wenu mzima mlikuwa na jioni ya 1905 hadi 1907?

Mtoa mada:
Shikamoo mzee wangu. Hatukuwa nayo, na swali lako ni la haki. Miaka saba baada ya Mlambalasi, wana wa watu waliopigana na Mjerumani walimsaidia Mjerumani huyohuyo dhidi ya majirani zao, na sababu zake zinahitaji kuelezwa na koo zenyewe: nani alilazimishwa, nani alifuata ng'ombe na ngawira, nani alikuwa na kisasi cha zamani na Wabena tangu enzi za Munyigumba, baba yake Mkwawa. Nitalipeleka kwenye kikundi kama pendekezo la kwanza la msimu ujao, na ningefurahi sana kama mzee mmoja wa upande wa Yakobi angekubali kuja kusema kwa kinywa chake. Kumlaza na kumlisha mgeni ni juu yetu.

Mwalimu kutoka Ifunda:
Naomba kuchangia na kuuliza. Kuchangia: hapa Ifunda wakati wa Vita Kuu ya Pili palikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Poland, na wapo wazee waliokuwa watoto wakati huo, wanaokumbuka wazazi wao wakiuza mayai na kuku kambini. Nadhani hili ni la aina ileile unayoitetea, kwa maana kwamba Wapolandi wameandika kumbukumbu zao wenyewe, lakini muuza mayai hajaulizwa. Kuuliza: sauti mnazorekodi ni mali ya nani? Nimeona kwingine mtafiti akija, akirekodi wazee, akiondoka, na kijiji kikibaki bila hata nakala moja.

Mtoa mada:
Mwalimu, habari ya muuza mayai usiiache ipite mwaka mwingine. Kuhusu sauti, utaratibu wetu ni huu. Kabla simu haijawashwa, msimulizi anaulizwa mbele ya shahidi wa familia yake kama anakubali, na kama kuna sehemu anayotaka isisikike hadi baada ya kifo chake. Wapo waliosema hivyo, nasi tumeheshimu. Sauti huwekwa kwenye kadi za kumbukumbu, moja ikabaki kwa familia, nyingine ofisi ya kijiji, nyingine shuleni, na katika daftari huandikwa jina la msimulizi, ukoo wake, mahali alipozaliwa, na aliyemsimulia yeye. Kipengele hicho cha mwisho ndicho muhimu kuliko vyote, kwa sababu mtu aliyeona kwa macho yake na mtu aliyesikia kwa shangazi yake hawapaswi kuchanganywa. Mtafiti akija tunampokea vizuri, anasikiliza hapahapa, na akitaka nakala anaandika barua kwa serikali ya kijiji na kuacha nakala ya atakachokichapisha. Pia msisahau Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam, ambako vimehifadhiwa vitabu vya wilaya vya enzi ya Waingereza. Kijana wetu anayesoma huko amekubali kwenda kusoma cha Iringa na kunakili yanayohusu tarafa yetu.

Mchangiaji kutoka Tukuyu:
Kaka, nimeusoma uzi wote kwa utulivu. Huku Rungwe njia yako ya magunzi itapata mtihani, kwa sababu zamani Wanyakyusa hawakujenga kwa ukoo. Vijana wa rika moja walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao, wakaoa wakiwa humo na kuzeeka pamoja. Nikiweka gunzi kwa kila kaya, majirani wa kwenye sakafu hawatakuwa ndugu, na mtoto wa leo hataona babu yake alihusianaje na babu wa jirani. Mianzi pia kwetu si alama nzuri. Migomba ndiyo tunayo, lakini migomba hupandwa upya.

Mtoa mada:
Dada yangu, kwa Rungwe ningeanza na rika lenyewe. Mtafuteni mzee aliyesimuliwa na baba yake majina ya wenzake wa rika, muyaandike yote kama orodha ya darasa, kisha ndipo muulize kila mmoja alijenga upande gani na alioa kutoka wapi. Uhusiano wa babu na babu utakuwa ni huo wa rika, na kwa mtoto wa leo hilo litakuwa jambo jipya kabisa na la kwao. Kuhusu alama, ulizeni makaburi yako wapi, na miti ipi haikukatwa wakati wa kufungua mashamba na kwa nini. Kina mama watawajibu haraka zaidi.

Kwa wanaotaka kuona daftari na ramani kwa macho yao, karatasi ya manila iko katika darasa la saba la shule yetu ya msingi, na katibu wa kikundi yuko ofisi ya kijiji kila Jumatano asubuhi. Atakayeniandikia kwa ujumbe wa faragha nitamwelekeza njia.